Makaa ya mawe yetu yanapita hapa kwenda Ulaya, sisi tunaambiwa tusiyachome. Hii imekaaje?

#1 Mwana wa Mbinga
Wakuu habari za jioni.

Duka langu lipo barabarani kabisa, hii barabara ya Songea kwenda Tunduru. Tangu 2022 ile vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza, malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yakawa hayakatiki, yanashuka Mtwara bandarini yakapakiwe meli. Siku moja nilikaa na kijana wangu wa dukani tukahesabu, chai haijaisha yameshapita 23 tukaacha. Mke wangu nguo nyeupe anaanika uani, ukianika mbele ya duka jioni unatoa za kijivu.

Sasa juzi wamekuja watu wa semina. Ukumbi, maji ya chupa, nauli kidogo. Wanafundisha mabadiliko ya tabianchi, kwamba makaa ya mawe ndiyo nishati chafu kuliko zote na nchi kama zetu tuyaruke tu twende moja kwa moja kwenye jua na upepo. Nikanyoosha mkono nikauliza, haya yanayopita hapo nje yanakwenda kuchomwa wapi? Na kweli muda huo huo lori lilikuwa linapita vioo vinatetemeka. Watu wakacheka. Mwezeshaji akasema swali zuri tutalirudia. Hatukulirudia mpaka tunagawiwa nauli.

Kwa hiyo nauliza humu, tukijenga mtambo wetu mkubwa wa umeme wa makaa hapa hapa Ruvuma, viwanda vije, vijana wapate kazi, dunia itatufanya nini? Moshi wetu unaonekana kweli mbele ya moshi wa hao wanaotuhubiria? Nawasilisha.

#2 Kisiki Kikavu
Nauli walitoa shilingi ngapi? Jibu hilo kwanza ndio tuendelee na tabianchi.

#3 Mwana wa Mbinga
Elfu kumi na soda. Tuendelee.

#4 Mtaalamu wa Kijiweni
Mkuu una hoja. Mtanzania mmoja kwa mwaka anatoa kama robo tani ya hewa ukaa kutokana na mafuta, gesi na makaa. Mmarekani mmoja kama tani 14. Mchina tani 8 na ushee, Mhindi tani 2 hivi. Yaani Mmarekani mmoja ni sawa na Watanzania zaidi ya hamsini, basi zima la mkoani na waliosimama. Halafu basi ndio linaambiwa lishuke litembee kwa miguu.

Na Wajerumani 2022 gesi ya Urusi ilipokata si waliwasha upya mitambo ya makaa iliyokuwa imewekwa akiba? Hakuna aliyewapelekea semina.

#5 Bi Tausi
Mtaalamu namba zako ziko sawa ila umeacha kitu kikubwa. Hiyo robo tani ni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe PEKE YAKE. Ukijumlisha misitu tunayokata na kuchoma, pamoja na mifugo, hesabu inapanda sana, kwa sababu uchafuzi wa nchi kama yetu sehemu kubwa hautoki kwenye bomba la kiwanda, unatoka porini. Serikali yenyewe huwa inataja hekta 469,000 za misitu kupotea kila mwaka. Kwa hiyo hatuko wasafi kiasi hicho tunachojisifia, tunachafua kwa njia ya kimaskini.

#6 Kisiki Kikavu
"Tunachafua kwa njia ya kimaskini" 😂😂 bibie hiyo naiandika kwenye bodaboda yangu.

#7 Mtaalamu wa Kijiweni
Sawa Bi Tausi nimekubali marekebisho. Ila mtu anayechoma mkaa kule Kilosa hachomi kwa ubaya, anatafuta ada ya mtoto.

#8 Bi Tausi
Sijasema anachoma kwa ubaya.

#9 Mpwa wa Amu
Salaam kutoka Lamu jamani. Sisi haya tumeyapitia. Walitaka kutujengea mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 hapa, na makaa yenyewe yaagizwe nje, Kenya ilikuwa hata haijaanza kuchimba yake. Huko bara wengi husema wazungu ndio walitukataza. La hasha, ni watu wa hapa hapa, wavuvi na wazee na vijana, waliokwenda kushtaki. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Babangu mdogo ana dema zake na mashua, alikuwa akiuliza jambo moja tu, maji ya moto yatokayo mtamboni yatamwagwa wapi? Hakujibiwa kama vile wewe wa Mbinga hukujibiwa. Ndio maana nasema swali lako la lori ni zuri lakini swali la jivu na maji ulizia pia, kwa sababu mtambo ukijengwa hapo Ruvuma jivu halitapanda meli kwenda Ulaya, litabaki kwenu.

#10 Mwana wa Mbinga
Hapo kwenye jivu umenigusa ndugu. Lakini nyie Kenya mna mvuke wa ardhini, mna pa kukimbilia.

#11 Mpwa wa Amu
Tunao ndio, Olkaria tangu 1981, na sasa kama asilimia 40 ya umeme wa nchi nzima ni mvuke. Upepo wa Turkana megawati 310. Ukijumlisha na maji na jua, kama asilimia 90 ya umeme wetu ni safi.

#12 Kisiki Kikavu
Safi na ghali. Shemeji yangu yuko Nairobi akinitajia bei ya yuniti moja nazima taa ya huku kwa huruma.

#13 Mpwa wa Amu
😂 hapo sina la kujibu.

#14 Fundi Waya
Wakuu mimi ni fundi umeme, nishushe kidogo joto. Swali la kujenga mtambo wa makaa limepitwa na wakati kwa sababu nyingine kabisa, si wazungu wala jivu. Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, mashine tisa za 235 kila moja, trilioni 6.5 za kwetu wenyewe. Mashine ya kwanza iliwaka Februari 2024, na Machi hiyo hiyo mvua zilipozidi tukasikia vituo vitano vya maji vimezimwa kwa kuwa umeme umekuwa mwingi kuliko matumizi. Sasa unajenga mtambo wa makaa umuuzie nani? Shida yetu leo ni nyaya. Umeme upo kusini mashariki, Arusha na Moshi wako mbali, njiani unapotea mwingi mpaka mwaka 2025 ikazungumzwa habari ya kununua wa Ethiopia upitie Kenya uingie kaskazini.

#15 Mchungu Kidogo
Fundi, "umeme mwingi" lakini huku kwangu Mbagala jana umekatika mara nne. Huo mwingi uko wapi, kwenye makabati?

#16 Fundi Waya
Hiyo ni transfoma ya mtaani kwenu kuelemewa, ni jambo jingine. Bwawa likijaa halinyooshi waya wa mtaani kwako.

#17 Mzee wa Mtera
Vijana mna haraka ya kusahau. 2006 mgao, 2011 mgao, mwishoni mwa 2022 mgao tena, zote ukame. Mimi nimekaa Mtera miaka, nimeona bwawa likirudi nyuma mpaka visiki vya zamani vinajitokeza na ng'ombe wanakatiza pale tulipokuwa tunavua. Tulichoponea ni gesi, Songosongo kwanza halafu bomba la Mtwara lililokamilika 2015. Sasa mnaniambia maji ndiyo safi na gesi ni chafu, haya, mwaka wa ukame ukija mnawasha nini? Tabianchi hiyo hiyo mnayoihubiri ndiyo inakausha hilo bwawa. Nakubali yasiwe makaa lakini msitie mayai yote Rufiji.

#18 Bi Tausi
Shikamoo mzee. Hoja nzito. Niongeze tu kwamba bwawa lenyewe nalo lina moshi wake, miti na majani yakizama yanaoza chini ya maji yanatoa methani, gesi nayo inayoongeza joto duniani, na nchi za joto kama huku ndio zaidi. Ndiyo sababu moja ya kusafisha eneo kabla ya kujaza, mnakumbuka 2018 mnada wa miti zaidi ya milioni 2.6 kule Rufiji. Hata hivyo kuna waliosema miti yenyewe ilikuwa inanyonya hewa ukaa.

#19 Mzee wa Mtera
Marahaba binti. Kwa hiyo ukikata kosa, ukizamisha kosa.

#20 Dereva Bajaji Tegeta
Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni ya kujaza CNG, hii gesi asilia ya magari, nimefika saa kumi alfajiri na sasa ni saa moja na robo mbele yangu bajaji tisa. Mimi hewa ukaa siijui naijua hesabu ya bosi. Petroli lita elfu tatu, gesi kilo elfu moja mia tano na kidogo na inakwenda mbali kuliko lita. Nikitumia petroli napeleka hesabu napita nyumbani na mkate tu, nikitumia gesi nabaki na kitu. Hiyo ndio tabianchi yangu. Vituo waongeze.

#21 Kisiki Kikavu
Huyu apewe uwaziri.

#22 Mkulima wa Kigali
Huku Rwanda tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Binamu yangu anayo, betri inaisha anaingia kituoni anabadilishiwa nyingine dakika mbili, haiwi yake, analipia chaji tu. Analalamika jambo moja, ile ya petroli angeweza kupeleka kijijini kwa wazazi, hii ya umeme vituo vikiisha safari imeisha.

#23 Dereva Bajaji Tegeta
Dakika mbili? Nahamia huko.

#24 Mdaiwa Sugu
Naona wote mnazunguka jambo lenyewe. Ni RIBA. Mtambo wa gesi au dizeli unajenga kwa bei nafuu kidogo halafu unalipia mafuta kadri unavyochoma, kama luku ya kuunga unga. Jua na upepo mafuta ni bure lakini paneli na minara unalipia karibu yote siku ya kwanza, kwa hiyo unakopa kikubwa. Mjerumani akikopa riba yake ndogo, sisi tukikopa tunaonekana hatari riba inapanda, matokeo yake paneli ile ile chini ya jua kali kuliko lao inatoa umeme wa gharama. Mimi nimekopa vikoba nafungua kinyozi naelewa hii kitu vizuri, mkopo wa mwenye nyumba na mkopo wa mpangaji haufanani hata kama mashine ya kunyolea ni moja.

Kwenye mkutano wa tabianchi Copenhagen 2009 nchi tajiri ziliahidi nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zimetimia 2022, tena kwa hesabu yao wenyewe, na sehemu kubwa ni mikopo. Mkutano wa Baku 2024 wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mkopo wa kutibu ugonjwa alioleta mkopeshaji.

#25 Mtaalamu wa Kijiweni
Mdaiwa Sugu umemaliza.

#26 Wa Mpumalanga
Hajamaliza. Niko Afrika Kusini mwaka wa kumi na moja, mkoa wa makaa ya mawe wenyewe. Hawa jamaa umeme wao zaidi ya asilimia 80 ni makaa, kwa hiyo yale unayoyaota wewe wa Mbinga wameyafanya kwa miaka mia. Mkutano wa tabianchi Glasgow 2021 wakaahidiwa dola bilioni 8.5 wahame taratibu kutoka kwenye makaa, nyingi mikopo, na Machi 2025 Marekani akajitoa. Mtambo wa Komati ulizimwa Oktoba 2022. Pale mjini kulikuwa na mama mmoja anauza magwinya, maandazi ya huku, na chai getini zamu ikibadilika asubuhi, nilikuwa napita kununua. Zamu ikaisha, na meza yake ikaisha. Na pamoja na makaa yote hayo 2023 tulikatiwa umeme mpaka saa kumi kwa siku, mimi saluni yangu niliendesha kwa jenereta, mapato yote yanaingia kwenye dizeli. Kwa hiyo makaa hayajatupa umeme wa uhakika, na kuyaacha kumeacha watu bila kazi. Ndio maana nikisikia "turuke" naona bora nyie ambao hamjapanda bado, hamna pa kuanguka.

#27 Mwana wa Mbinga
Mkuu ahsante, hii ya mama wa magwinya imenifanya niangalie nje ya duka langu. Mama ntilie wanne wanategemea madereva wa malori.

#28 Mchungu Kidogo
Na Mchina je? Si ndiye angetujengea?

#29 Fundi Waya
Mchina mwenyewe Septemba 2021 alitangaza Umoja wa Mataifa kwamba hajengi tena mitambo mipya ya makaa nje ya kwake. Kwake anaendelea kujenga, huku anatuuzia paneli. Na Mchuchuma, ule mradi wa makaa na chuma cha Liganga, mkataba ulisainiwa 2011.

#30 Kisiki Kikavu
Mchuchuma na Liganga nimesikia nikiwa na kaptula ya shule, sasa nina mvi mbili.

#31 Mtoto wa Ntakata
Habari wadau. Kwetu ni wilaya ya Tanganyika, Katavi, moja ya vile vijiji vinane vya biashara ya kaboni. Sisi hatuchomi wala hatukati, tunalipwa msitu usimame, na mabilioni yameshaingia vijijini. Shule, zahanati, kadi za bima ya afya, nimeona kwa macho. Kwa hiyo wanaosema kaboni ni maneno ya semina waje kwetu.

#32 Mtaalamu wa Kijiweni
Lakini anayewalipa anapata haki ya kuendelea kuchafua huko kwake. Ni kama mtu anamlipa jirani asile nyama ili yeye ale mara mbili halafu mkijumlisha wote mnaonekana mmefunga.

#33 Mtoto wa Ntakata
Jirani mwenyewe zahanati alikuwa hana mkuu. Ila nisiwe mnafiki, kuna lawama. Kaka yangu ana wake wawili watoto tisa, shamba lile lile la baba, kuongeza haruhusiwi. Walinzi wa msitu ni wadogo zake aliosoma nao, wanamfukuza kwenye mlima aliokuwa anawinda nao. Hela inaingia akaunti ya kijiji, yeye njaa yake iko nyumbani.

#34 Bi Tausi
Hiki ndicho tungetakiwa kukijadili, nani anabeba mzigo ndani ya nchi yenyewe. Haya mambo yakipangwa juu huko gharama inashuka mpaka inamkuta mtu mwenye jembe au mwenye jiko.

#35 Mama Lishe wa Buza
Umetaja jiko nikaamka. Mimi napika chakula cha watu arobaini mchana, mafundi gereji na wa gulio. Mmeandika bwawa na Wachina kurasa mbili hakuna aliyeuliza maharage yanaiva na nini. Nina mtungi wa gesi, ule mkubwa, natumia kwa chai, mayai na wali. Maharage, makande na utumbo mkaa, kwa sababu gesi kwa maharage ni kuchoma faida. Na gesi haina adabu, mkaa unaona unaisha unaongeza, mtungi unakata wali una maji bado, siku moja nimebeba sufuria la ubwabwa kichwani mpaka kwa jirani nimalizie. Nasikia lengo asilimia 80 tutumie nishati safi 2034. Kisado cha mkaa mvua zikinyesha kinafika elfu tatu na nusu na mkaa umelowa.

#36 Mchungu Kidogo
Na gesi ya mtungi si inaagizwa nje na ni mafuta hayo hayo? Inaitwaje safi?

#37 Bi Tausi
Safi kwa mapafu yako na kwa msitu. Tanuri la kienyeji kilo moja ya mkaa inakula kuni kilo sita mpaka kumi, kwa hiyo hata gesi ikiwa inatoa hewa ukaa bado inaweza kuwa nafuu kuliko mkaa wa mti usiopandwa tena. Ila ukisema si safi kabisa, sikubishii.

#38 Fundi Waya
Dada wa Buza jaribu jiko la presha la umeme. Mimi nilibisha kama wewe. Jumapili nikazima friji, tivi, kila kitu, nikaangalia luku yuniti 48.7. Nikaweka maharage nusu kilo yasiyolowekwa na maji, nikafunga. Lilipanda moto, likajikata, likawa linawaka kidogo linazima, kwa sababu limefungwa joto halitoki. Dakika hamsini yameiva yamevimba mpaka yanapasuka. Luku ikasoma 48.2. Nusu yuniti, kwa bei ya mia tatu hamsini na kitu ni kama shilingi 180. Hebu nitajie mkaa wa 180 unaoivisha maharage.

#39 Mdaiwa Sugu
Fundi una sahau mtego. Mtu wa chini ya yuniti 75 kwa mwezi analipa kama 120 kwa yuniti. Akianza kupikia umeme anavuka 75 anahamishiwa bei kubwa, yuniti ZOTE zinapanda. Mpangaji wangu alihamishwa kwa sababu ya friji tu, hajarudi mpaka leo. Wanatuambia pikieni umeme halafu bei inakuadhibu ukiutumia.

#40 Fundi Waya
Hilo ni kweli na linaudhi.

#41 Mzee wa Mtera
Na jiko lenyewe bei gani?

#42 Fundi Waya
Mimi lita 6 nilinunua laki na sitini Kariakoo.

#43 Mwana wa Mbinga
Wakuu uzi nilianzisha wa makaa ya mawe tumefika kwenye maharage, sijui nani alituleta huku. Leo malori machache, madereva wanasema meli imechelewa Mtwara. Mama ntilie wa hapa mbele amepika wali mwingi umebaki, ananiuliza kama nitachukua sahani mbili.

#44 Kisiki Kikavu
Chukua tatu, moja ya mwezeshaji wa semina akirudi kujibu swali.

#45 Mama Lishe wa Buza
Fundi usiondoke. Hiyo lita 6 inaingia makande ya watu arobaini?

#46 Fundi Waya
Haiingii dada. Watu sita, nane wakiwa wastaarabu.

#47 Mama Lishe wa Buza
Mafundi gereji si wastaarabu. Ngoja nimpigie kijana wa mkaa kabla hajamaliza gunia.